Namba Nyekundu

Saa mbili kasoro asubuhi, Inspekta alipoingia kituoni, mke wa dereva wa mikate alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mapokezi. Benchi lilelile, kona ileile, karibu na ndoo ya maji ya kunywa. Hii ilikuwa siku ya kumi na tisa. Askari wa zamu walikuwa wamemzoea kama mtu anavyozoea meza mbovu. Walimpita bila kumtazama, na mmoja wao alikuwa ameweka kofia yake juu ya benchi, shibiri moja kutoka kwake, kana kwamba hapo hapakuwa na mtu.

"Za asubuhi, dada," mwanamke alisema, akainuka. Aliinukia kila mwenye sare, na Inspekta, ambaye hata sare hakuvaa, alikuwa amemkataza mara kumi.

"Salama. Kaa. Umetia kitu tumboni?"

"Kesho saa tatu wanampeleka mahakamani." Swali la chakula alilipita. "Yule wakili wa bure amemwambia akikubali kosa atapunguziwa. Naye, dada, sasa ameanza kulegea. Jana ananiuliza mimi, 'Labda nilisinzia? Labda ni mimi kweli nimemuua yule mama?' Mtu anafungiwa mpaka anajishuku mwenyewe!"

"Mwambie asikubali kitu chochote mpaka nimwone."

"Utamwona lini?"

"Leo."

Hakuwa na msingi wowote wa kusema leo. Lilimtoka tu, na likishatoka halirudi. Akapanda ngazi kwenda ofisini huku akijilaani.

Koplo alikuwa amemtangulia. Alikuwa mzee wa kituo, amebakiza miezi mitano kustaafu, na miaka kumi na minne iliyopita ndiye aliyemfundisha Inspekta namna ya kupima alama za breki barabarani. Cheo chake hakikuwa kimesogea tangu siku hizo. Alisimama, akabana visigino, akapiga saluti iliyonyooka kama rula. Saluti ile ilimpa kikombe chuoni enzi za ujana wake, na kikombe chenyewe kilikuwa bado dirishani kwake, sasa kikihifadhi kalamu.

"Afande, chai au habari mbaya?"

"Habari mbaya ninazo za kutosha. Lete faili."

Faili lilikuwa jembamba, na kila aliyelisoma aliliona limekwisha. Mfagiaji wa barabara, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aligongwa alfajiri, akafa fagio likiwa bado mkononi. Saa kumi na moja na dakika ishirini mwenzake alimwona mzima. Saa kumi na moja na dakika arobaini alimkuta amelala kando ya njia. Barabara ile, kutoka mzunguko mpaka darajani, imebanwa na ukuta wa reli upande mmoja na mtaro mpana upande wa pili. Haina uchochoro wala mchepuko. Gari likishaingia, litatokea darajani tu, na wiki ile darajani palikuwa na kizuizi cha polisi, kwenye operesheni ya kukagua stika za bima. Kila gari lilisimamishwa na kuandikwa kitabuni.

Kati ya saa hizo mbili, kitabu kiliandika gari moja tu: la mikate. Dereva alidai kuna gari jingine lililompita njiani, lakini kitabuni halikuwamo. Stika yake ilikuwa imeisha siku mbili kabla. Taa yake ya mbele ilikuwa na ufa. Rangi yake nyeupe. Mwendesha mashtaka alisugua mikono. Mwandiko wa kitabuni ulikuwa wa Koplo, mzuri, wa kulala upande mmoja, kila safu imejazwa.

"Ufa uko taa ya kulia," Inspekta alisema. "Mama wa watu alikuwa anafagia ukingo wa kushoto."

"Nilikwambia wiki iliyopita, Afande. Na mwendesha mashtaka akakwambia labda alikuwa anavuka."

"Anavuka na fagio linafagia?"

Koplo akainua mabega. "Mimi nimeandika gari. Nia ya fagio sikuiandika."

Inspekta hakucheka, lakini alimshukuru moyoni kwa kujaribu. Alifungua bahasha ndogo iliyofika jana jioni kutoka kwa daktari wa maiti. Ndani mlikuwa na kipande cha rangi, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kilichonaswa kwenye fulana ya marehemu, ile ya manjano inayong'aa ikimulikwa. Juu kilikuwa chekundu, chini cheupe. Gari la mikate lilikuwa jeupe, limeandikwa jina la kiwanda kwa herufi nyekundu, na hiyo ndiyo iliyokuwa furaha nyingine ya mwendesha mashtaka.

Alikisimamisha wima kwa kibano, akaweka lenzi, akamsogezea Koplo.

"Usiangalie juu. Angalia ubavu wake. Hesabu."

Koplo alifinya jicho moja. "Nyekundu. Nyeupe. Nyekundu. Nyeupe..." Akaendelea kwa kunong'ona, midomo ikicheza. "Mh! Hiki si kipande cha rangi, hiki ni kitunguu. Nyekundu saba, Afande."

"Na herufi za gari la mikate nimezigusa kwa kidole changu. Ni karatasi ya kubandika. Haina hata tone la rangi." Alikirudisha kipande kwenye bahasha. "Sasa niambie. Nani anapaka gari nyekundu, halafu anaifunika kwa nyeupe, halafu nyekundu tena palepale, mara saba?"

Koplo alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa barabarani, na jibu lilimjia polepole.

"Waliosamehewa bima," alisema.

Inspekta alikuwa amefika hapohapo usiku uliopita, lakini alitaka kulisikia kutoka mdomo mwingine. Sheria inamtaka kila mwenye gari akate bima na kubandika stika kwenye kioo. Isipokuwa wakubwa. Shirika kubwa, au mtu mwenye ukwasi wa kutosha, anaweka dhamana yake serikalini na kupewa cheti cha msamaha. Magari yake hayabandikwi stika. Badala yake yanaandikwa namba ya cheti kwa rangi nyekundu, kwenye boneti na milangoni, ili askari aione kwa mbali asiyasumbue. Cheti kinabadilishwa kila Januari, na namba inabadilika nacho.

"Mara saba ni Januari saba," alisema Inspekta. "Chukua kofia yako."

*

Walianza na shirika la maji, kwa sababu ndilo lililokuwa na misamaha mingi kuliko wote mjini: magari mia moja na arobaini, nusu yake meupe. Getini walipishana na gari moja likitoka, namba nyekundu ikiwa imetanda kwenye boneti. Inspekta alikuwa anatafuta kitambulisho mfukoni. Alisikia visigino vikigongana kando yake, na alipogeuka mkono wa Koplo ulikuwa tayari kwenye paji la uso. Ndani ya gari mlikuwa na dereva peke yake, kijana aliyevaa fulana ya mpira, anatafuna karanga.

"Unampigia nani?"

Koplo alishusha mkono. Akautazama, kama mtu aliyekuta kitu cha mwenzake mfukoni mwake.

"Mazoea, Afande," alisema, na kuanzia hapo hakutania tena. Inspekta aliliona hilo, akadhani ni jua.

Meneja wa usafiri aliwapokea kwenye chumba chenye kuta za mabati na harufu ya grisi. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye kalamu tatu kifuani.

"Ajali zenu mnazishughulikiaje?" Inspekta alimuuliza.

"Wenyewe. Tuna ofisi yetu ya ajali, fundi wetu, mkaguzi wetu."

"Hamwiti mkaguzi wa nje?"

"Wa kampuni gani? Hatuna kampuni ya bima. Gari likigonga, linaletwa hapa, linanyooshwa hapa, faili linafungwa hapa."

"Na aliyegongwa?"

"Anakuja hapa pia." Alinyoosha kalamu dirishani. Chini, kwenye kivuli cha ukuta, watu watano walikuwa wamekaa kwenye benchi, mmoja ana magongo. "Tunawasikiliza Alhamisi. Wapo wanaokuja tangu mwaka juzi, lakini tunawasikiliza."

Inspekta alilitazama benchi lile. Ghadhabu ilimpanda, akaimeza, kwani haikuwa ndiyo iliyomleta.

"Namba nyekundu mnaziandikaje?"

"Tunakwangua ile ya zamani mpaka kwenye bati, tunaweka kibao cha matundu, tunapuliza kwa mashine. Dakika kumi kwa gari. Njoo uone."

Alikwenda kuona. Alikwangua kwa wembe magari sita, meneja akigugumia nyuma yake. Nyekundu moja, nyeupe moja, kisha bati. Nyekundu moja, nyeupe moja, kisha bati. Asubuhi nzima waliambulia patupu.

"Anayefunika bila kukwangua anaandika kwa brashi," meneja alisema, akifurahi kuona wanaondoka. "Hao ni watu binafsi, wenye magari manne matano. Mjini hapa ni watatu tu waliosamehewa. Mmoja amefariki, na magari yameuzwa. Mwingine magari yake yote meusi, hata la kwendea sokoni. Wa tatu ni Mzee Mbao."

"Mwenye kiwanda cha kupasua mbao?"

"Huyohuyo. Barabara yake ya kazini si ndiyo ileile ya darajani?"

Inspekta alimgeukia Koplo apate kumwambia neno. Koplo alikuwa ameshatangulia garini.

*

Fundi wa mabango alikuwa na kibanda kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, na kila sehemu ya ukuta ilikuwa imejaa maandishi yake mwenyewe: Kinyozi, Usikojoe Hapa, Tunauza Barafu. Alikuwa juu ya ngazi akiandika ubao wa duka la dawa la jirani, na hakushuka.

"Ndiyo, namba za Mzee Mbao naandika mimi. Tangu alipopata hicho cheti chake. Kuna ubaya?"

"Unakwangua kabla ya kuandika?"

"Nikwangue!" Alicheka mpaka ngazi ikatikisika. "Mama, nani anilipe kukwangua? Nafunika na nyeupe, ikikauka naandika nyekundu, basi. Mzee mwenyewe anataka nimalize kabla hajanywa chai yake. Magari manne, kila Januari. Mwaka huu tu ndiyo nimeandika mara mbili."

Inspekta hakubadilisha sauti. "Mara mbili? Januari ni moja."

Brashi ilisimama hewani. Tone la kijani lilidondoka kwenye kiatu cha fundi. Alilitazama, akatazama chini kwa wageni wake, na kwa mara ya kwanza akamwona Koplo na sare yake.

"Mimi naitwa tu, naandika."

"Uliitwa lini?"

"Mama, nina watoto."

"Na yupo mtu ndani mwenye watoto pia. Lini?"

Alishuka ngazi, kipandio kimoja kimoja. Alipofika chini alionekana mfupi kuliko alivyokuwa juu. "Siku lilipofunguliwa hili duka la dawa. Wananikumbuka hapa, kwa sababu niliwaacha na nusu ya neno nikaenda. Boneti tu, ya lile gari la kubebea mizigo. Nilidhani amenunua mpya."

Mwenye duka la dawa alitaja tarehe bila kufikiri. Ilikuwa siku ya tatu baada ya mfagiaji kufa.

*

"Karibu, binti," alisema Mzee Mbao. "Karibu sana. Koplo, hujambo?"

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema, kwa kuwa mwenyeji wake alikuwa na mvi kama za baba yake.

"Marahaba."

Ofisi yake ilikuwa ndani ya banda la misumeno, na vumbi la mbao lilikuwa limetulia juu ya kila kitu isipokuwa fremu moja ukutani. Watu wengine hutundika picha ya harusi. Yeye alikuwa ametundika cheti cha msamaha, chini ya kioo kilichofutwa asubuhi hiyo.

"Unakiona?" alisema. "Serikali ilinitazama juu mpaka chini ikasema, huyu hahitaji kampuni nyuma yake. Bima ya magari yangu ni mimi mwenyewe."

"Na gari lako likimgonga mtu?"

"Anakuja kwangu. Tunakaa, tunazungumza, tunamaliza kiutu. Hakuna makaratasi."

"Kama ameshakufa?"

"Watakuja watu wake."

"Watakuja vipi, na hawajui ni gari la nani?"

Msumeno ulinguruma nje, ukakata, ukanyamaza. Mzee Mbao alitabasamu kwa upole. Hakuwa mtu mwenye sura mbaya, na hilo lilimkera Inspekta zaidi.

"Nyuma ya cheti chako," alisema, "kuna sharti la nne. Gari lililosamehewa linakaguliwa na polisi wakati wowote. Naomba nikague."

"Kagua, binti. Mali iko uani."

Gari la mizigo lilikuwa chini ya mti wa kivuli, jeupe, limeoshwa. Inspekta alianza na mlango wa kushoto. Alipitisha wembe kwa mshazari kwenye mguu wa tarakimu ya kwanza, akapanguza vumbi, akaweka lenzi. Nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Aliwahesabia kwa sauti, mpaka saba. Kisha akaenda kwenye boneti, akapitisha wembe vilevile. Nyekundu moja. Nyeupe moja. Chini yake, bluu.

"Mlango una miaka saba," alisema. "Boneti ina wiki mbili na kitu, na ilizaliwa kwenye gari la bluu."

"Ilibadilishwa." Mzee Mbao hakusita hata kidogo. "Gogo liliiangukia. Wiki ile yote gari lilikuwa gereji."

"Gereji gani?"

"Yangu."

"Nani anashuhudia?"

"Fundi wangu. Mlinzi wangu. Daftari langu la kazi."

"Boneti ya zamani iko wapi?"

"Iliuzwa chuma chakavu. Imeshayeyushwa, nadhani, sasa ni masufuria." Alikung'uta unga wa mbao begani. "Binti, nikwambie kitu kama mzazi. Rangi nyekundu inauzwa duka lolote. Fundi wa mabango ni mlevi, mjini wote wanajua. Lakini nyinyi mlikuwa na kizuizi darajani wiki nzima, mnaandika kila kinachopita. Hicho kitabu ndicho mnachompeleka nacho mtu wa mikate mahakamani, sivyo? Basi kisomeni. Ningepita, ningeandikwa."

Halafu akamtazama Koplo. Hakumkonyeza wala kumtisha. Alimtazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayeangalia mlango ambao ameshaufunga.

Koplo alikuwa akiangalia viatu vyake.

*

Saa tisa walikuwa wamerudi ofisini. Inspekta alifunga mlango, akaweka kitabu cha kizuizi mezani na kukifungua ukurasa ule. Koplo alibaki amesimama. Njia nzima hakusema hata kwamba kuna joto.

"Kaa, Mzee," Inspekta alimwambia. Hakuwahi kumwita hivyo kazini. "Nifundishe, kama zamani. Safu ya kwanza?"

"Muda."

"Ya pili?"

"Namba ya gari."

"Ya tatu?"

"Namba ya stika."

"Stika ikiwa imeisha?"

"Naandika 'imeisha'. Kama la mikate."

"Kama gari halina stika kabisa?"

"Naandika 'hakuna', na dereva anashikwa."

"Na lenye namba nyekundu?"

Koplo aliketi kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini.

"Halina safu, Afande," alisema mwishowe. "Ukiandika 'hakuna', umemshtaki mtu asiye na kosa, na mkubwa wake atapiga simu. Ukiacha wazi, mkaguzi anakuuliza mbona hukujaza. Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haliandikwi. Hatuandiki, sote. Tangu nivae hizi nguo sijawahi kuandika moja. Ukiona nyekundu unarudi nyuma hatua moja, unapiga saluti, linapita. Hata halikai kichwani. Waliponiuliza gari gani lilipita, nilisoma kitabu changu, nikajibu kweli. Naapa nilijibu kweli."

Inspekta alimwamini. Aliona afadhali angekuwa anasema uongo, maana mwongo angemkasirikia, na kazi ingekuwa nyepesi.

"Koplo. Asubuhi ile, kati ya saa kumi na moja na ishirini na kumi na moja na arobaini, ulipiga saluti mara ngapi?"

Chini uani mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki. Ilikohoa mara tatu, ikakubali.

"Mara moja."

"Gari gani?"

"La mizigo. Jeupe. Taa yake ya kushoto haikuwaka, niliiona, nikajisemea balbu ya mkubwa imeungua. Yeye mwenyewe alikuwa usukani. Alinipungia mkono. Dakika mbili baadaye ndiyo likaja la mikate. Yule dereva aliniambia kuna gari limempita kule nyuma mbio mbio, nusura limtie mtaroni."

"Hilo hukuliandika."

"Halina safu, Afande."

"Ulijua lini kwamba ni yeye?"

"Leo. Pale getini kwa shirika la maji, mkono uliponipanda kwa kijana wa karanga." Aliugeuza mkono wake wa kulia juu ya kofia, kiganja juu, kiganja chini. "Nikasema, hee, kumbe huu unafanya kazi peke yake. Nikaanza kukumbuka umepanda wapi na wapi. Kule kwa Mzee Mbao aliponitazama nikajua na yeye anajua. Anajua kitabu chetu kuliko tunavyokijua."

Inspekta alitoa karatasi ya maelezo kwenye droo ya meza. Aliisogeza mbele yake, akaweka kalamu juu. Alitaka kusema kitu kuhusu miezi mitano. Alijua, na Koplo alijua, kwamba askari anayeandika kwa mkono wake kuwa kitabu cha serikali kina mashimo hapati sherehe ya kuagwa. Huenda akamwaga unga kabisa, na kiinua mgongo kikaishia kwenye barua za kukumbushia. Na asipoandika, kesho saa tatu mtu atasimama kizimbani na kukiri kifo ambacho hakukisababisha, kwa sababu amechoka.

"Siwezi kukulazimisha," alisema.

"Najua. Nilikufundisha mimi." Koplo alivuta karatasi. "Na wengine niwaandike? Kwamba sote hatuandiki?"

"Andika ulichofanya wewe. Wengine nitawauliza mmoja mmoja."

Aliandika kwa nusu saa, mwandiko uleule wa kulala upande mmoja, bila kufuta neno. Akatia sahihi, muda na tarehe. Inspekta aliyasoma maelezo mara mbili, akayapiga muhuri, akainua simu na kumwambia mwendesha mashtaka asiende popote, anakuja na kitu ambacho hatakipenda. Mtu wa mikate pengine angelala kwake kesho. Mzee Mbao angekuja na mawakili, na fundi, na mlinzi, na daftari, na mapambano yangekuwa marefu. Inspekta hakujidanganya kuhusu hilo.

Alipoweka simu chini, kiti cha Koplo kilikuwa kitupu.

Alimkuta mapokezi. Mke wa dereva wa mikate alikuwa ameinuka kama anavyomwinukia kila mwenye sare, na Koplo alikuwa anamwashiria kwa mkono akae. Aliiondoa ile kofia iliyowekwa benchini, akaiweka kaunta. Kisha akaketi palepale ilipokuwa.

"Mama," alisema, "kile kitabu kilichomfunga mumeo nilikiandika mimi. Kuna gari sikuliandika. Mumeo alisema kweli. Aliniambia mimi, palepale darajani, kabla hajamwambia mtu mwingine yeyote."

Mwanamke alimtazama. Alichukua muda, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Siku kumi na tisa zilizopita."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Koplo alitazama ndoo ya maji, akatazama mlango, akamtazama Inspekta aliyesimama kwenye ngazi na karatasi mkononi. Hapakuwa na wa kumjibia.

"Nilimwambia asinipotezee muda," alisema.